Kituo Kilichotundikwa Ukutani

Kambarage, Shinyanga
Jumanne, 7 Januari 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Shangazi Monika anakusalimu. Sisi ni wazima.

Ulisema nikishindwa kuongea kwenye simu niandike. Jumapili ulipopiga nilikuwa nimeyapanga maneno yangu vizuri, lakini uliposema, "Haya, mwanangu, sema," yote yakakimbia. Ndiyo maana ulisikia kuku wa jirani tu. Barua hii nitampa kondakta wa basi la Runzewe, huko Bukombe, na itafika kwa Mama Blessing hapo mnapokula.

Tangu nimalize mtihani wa kidato cha nne naenda na Shangazi hospitali ya Kolandoto. Yeye anafua mashuka, mimi nakunja. Wiki iliyopita Sista Hosiana wa wodi ya watoto aliniita akanipa boksi. Daktari mmoja mgeni aliyekuwa amepanga huku Kambarage aliliacha alipohama. Lilikaa chini kwenye ile nyumba miezi mingi, mchwa wakaingia.

Ndani kuna mchezo wa ubao, wa kucheza familia nzima. Mnajenga nyumba angani, Baba. Juu kabisa, kupita ndege, pasipo na hewa wala sauti. Ubao ni mweusi wenye vidoa vyeupe vya nyota. Nilipoufungua mara ya kwanza niliogopa kuweka mkono, kana kwamba ningeuchovya kwenye kisima.

Kitabu cha maelezo ni cha Kiingereza. Nimekisoma kwa kamusi siku nne. Unacheza hivi. Kwanza mnaweka kipande kinachoitwa kitovu. Hicho ndicho chumba cha kwanza, na watu wote wanaanzia hapo. Kila mchezaji ana watu watatu wa mti, wadogo kama punje za mahindi. Zamu yako ikifika unachomoa kipande kimoja kwenye mfuko bila kuchungulia. Kila kipande ni chumba: cha hewa, cha umeme wa jua, cha kulala, cha bustani. Unakiunganisha na vyumba vilivyopo, mlango kwa mlango. Kisha unamsogeza mtu wako mmoja chumba kimoja. Mtu hawezi kulala pasipo na hewa na umeme. Na baada ya kila mizunguko mitatu mnafunua kadi, na kadi huleta balaa.

Shida ni kwamba mchwa wamekula ukurasa wa mwisho. Najua mchezo unavyoanza, sijui unavyoisha.

Sasa nikwambie kinachoninyima usingizi. Jumamosi tarehe 22 Februari, Sista atawakusanya wazazi wanaouguza watoto wodini, nami nisimame niwaelekeze mchezo huu. Nikiweza, nitakuwa msaidizi wa michezo ya watoto, kazi ya kila siku. Nikishindwa, boksi litarudi kabatini na mimi nitarudi kwenye mashuka. Sijawahi kutaka kitu kama ninavyotaka hiki, na unajua sauti yangu ilivyo.

Naomba nijifunze kwako kwanza. Nimechora ubao na vipande kwenye karatasi za mfuko wa saruji. Ubao ni karatasi nne, uziunge. Wewe ni bluu, mimi nyekundu. Vipande nitakuchomolea mimi, wewe amua pa kuviweka. Vyako vya kwanza ni kulala, hewa, bustani na hewa. Mimi nimeanza na bustani upande wa kulia wa kitovu, maana ina picha nzuri, na watu wangu wawili wameshaingia.

Mwanao,
Salvina

*

Kwa Mama Blessing, mgodini
Jumatano, 15 Januari 2025

Mwanangu Salvina,

Marahaba. Anayeandika ni Mama Blessing. Mimi nasema, yeye anaandika, na ukiona neno limezidi chumvi ujue ni la kwake. (Ni kweli. Hujambo, ng'wanone, mwanangu? Mimi nina sufuria la maharage jikoni, kwa hiyo mwandiko utakimbia.)

Barua imefika. Ubao tumeubandika ukutani kwa uji mzito, kwa sababu meza za huyu mama zina mchuzi. (Meza zangu ni safi. Wanaomwaga ni wao.) Zile karatasi nne tumeziunga moja chini ya nyingine, na kitovu tumekiweka juu kabisa, maana mdomo wa duara, shimo letu la kuchimbia, huwa juu. Vipande tunavipachika kwa miiba ya mgunga.

Tumeanza na hewa. Wewe umenitumia kulala, hewa, bustani, hewa, na kitabu chako kinataka nifuate mfuko, lakini sisi hatuwezi kushusha mtu mahali ambapo hewa haijatangulia. Basi kulala tumekiweka pembeni kikasubiri. Ngazi ya kwanza hewa. Ngazi ya pili hewa tena. Ya tatu ndipo kulala. Bustani hatukuelewa ni ya nini. Masudi wa Ujiji amesema labda ya mchicha.

Unajua kazi yangu. Wenzangu wanachimba, mimi ninakuja nyuma yao na magogo, napiga matimba ili mwamba usishuke. Miaka kumi na tisa sijawahi kumwambia mtu "ingia" kabla sijaingia mwenyewe. Kwa hiyo tuna swali kuhusu hiyo nyumba yako. Umeandika "upande wa kulia wa kitovu". Sisi tunajua juu na chini. Mwamba ukilia, mtu anakimbilia juu. Huko hakuna juu. Mtu asiye na juu anakimbilia wapi?

Tumebishana sana kuhusu hilo mpaka ugali ukapoa.

Baba yako,
Benedict

*

Kambarage
Jumamosi, 25 Januari 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Matokeo yametoka, nimepata divisheni ya tatu. Shangazi amepiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani anaolewa.

Nilicheka kuhusu ukuta. Baba, ubao ni wa kulaza mezani! Karatasi mbili juu, mbili chini, ziwe mraba. Mmejenga shimo badala ya kituo cha angani. Lakini usibandue. Nimeuchora upya wa kwangu ufanane na wenu, mrefu kama ngazi, na vyumba vyangu nimevisogeza. Bustani yangu iko pembeni ya ngazi yenu ya pili, imeegemea ukuta ambao hauna mlango.

Swali lako nimelibeba wiki nzima. Nimemuuliza Sista, hakujua. Nimesoma kitabu cha jiografia tena. Kule mtu akiachia kijiko hakianguki, kinabaki kikielea mbele ya uso wake. Mtu analala amesimama, au kichwa chini, na hajui. Jua linachomoza na kuzama mara kumi na sita kwa siku moja yetu. Nilipofika hapo nilifunga kitabu nikatoka nje kuanika mashuka, na kila shuka lililopepea nilidhani litaondoka. Baba, watu wako huko sasa hivi. Wanapiga mswaki. Sisi tunakunja nguo na wao wanapita juu ya Kambarage bila kelele yoyote.

Sijui wanakimbilia wapi. Nitaendelea kufikiri.

Sasa kadi imefunuliwa, na si nzuri. Ni kimondo. Jiwe kutoka angani linatoboa chumba chenye watu wengi, nacho ni bustani yangu. Milango inafungwa yenyewe, na waliomo wana zamu moja tu ya kutoka. Bustani yangu ina mlango mmoja, na ndio uliofungwa. Nadhani nimeshindwa. Zamu ni yako. Nimekuchomolea chumba cha kulala chenye milango minne. Jengea watu wako, usinihurumie.

Kuna jambo nataka nikwambie wewe peke yako. Siku ya mahafali nilichaguliwa kusoma sala. Nilisimama mbele na karatasi. Nilisema "Ee" halafu sauti ikakata. Nikasema tena "Ee". Mara ya tatu shule nzima wakaitikia "Eeee!" kama mbuzi, wakacheka, na mwalimu naye akaficha mdomo. Tangu siku hiyo wasichana wa darasani wananiita Sala Fupi. Shangazi hajui. Naomba usimwambie mtu. Naogopa tarehe 22 kwa sababu hiyo tu.

Mwanao,
Salvina

*

Kwa Mama Blessing, mgodini
Jumapili, 2 Februari 2025

Mwanangu Salvina,

Marahaba, na hongera ya matokeo. (Hongera, Salvina! Nimepika pilau kwa ajili yako, wamekula wao.)

Kimondo tumekipokea vibaya. Hakuna aliyesogeza kipande chochote kwa siku tatu. Huo ukuta wa bustani yako hauna mlango, hilo tumeliona. Lakini kadi yako inasema jiwe limekitoboa chumba, na kilichotobolewa kina tundu. Tundu ni njia. Tumekiweka kile chumba cha milango minne sawasawa na tundu, mlango kwa tundu, na watu wako wawili wekundu wamevuka kuja kwetu. Sasa wako ngazi ya pili pamoja na wetu, wana hewa.

Unasema tusikuhurumie kwa kuwa tunashindana. Huku si hivyo. Duara likikata, likafukia watu, maduara yote yanasimama. Hata mtu mliyegombana naye asubuhi mnakwenda kumfukua. Aliyefukiwa haulizwi ni wa duara la nani.

Tunauliza mchezo unaisha lini, maana kuna watu hawafanyi kazi vizuri.

Baba yako,
Benedict

Dada Salvina, nakusalimu, mwadila. Naitwa Mwigulu, ni mchimbaji hapa. Nimechomeka kikaratasi hiki mwenyewe bila Baba Salvina kujua. Wazo la tundu ni langu, wasikudanganye. Na hao waliokufanyia mambo ya mbuzi kwenye mahafali, tumewatukana hapa tangu Jumapili iliyopita. Masudi ametaka namba ya simu ya mwalimu. Usiogope, dada. Sisi tuko nyuma yako.

*

Kambarage
Alhamisi, 6 Februari 2025

Baba,

Shikamoo.

Nani amesoma barua yangu? Wangapi?

Nilikuomba usimwambie mtu. Nilikuandikia wewe kwa sababu siwezi kuwaambia watu. Sasa wanaume nisiowajua wanaujua mdomo wangu ulivyokwama, na wanaujadili wakila maharage.

Sitaki kucheza tena. Naomba karatasi zangu zirudi. Nitamwambia Sista Hosiana amtafute mwingine.

Salvina

*

Mgodini
Alhamisi, 13 Februari 2025

Mwanangu,

Leo naandika mwenyewe. Herufi ni kubwa kwa sababu ndizo ninazoziona. Nilikuficha jambo. Vumbi la mwamba limeingia machoni mwangu tangu mwaka juzi. Gogo naliona, msumari naupapasa, herufi zako ndogo zimekuwa siafu. Sikutaka ujue, ungenililia nirudi.

Kwa hiyo Mama Blessing ananisomea. Naye hajui kusoma kimya. Alifundishwa kusoma kanisani, anasoma kama anahubiri. Barua ya kwanza alianza kunisomea mimi, na waliokuwa wanakula wakaacha kula. Barua ya pili, ile ya kimondo, walikuja na wa duara la jirani. Tulikuwa watu arobaini na mmoja. Nilipaswa kumzuia alipofika mahali pa siri. Sikumzuia kwa sababu sikujua kinachokuja, na kilipokuja kilikuwa kimeshatoka. Nisamehe. Kosa ni langu, si lake.

Lakini nikwambie nilichokiona kwa haya macho mabaya. Hapa kuna karasha la kusaga mawe. Linanguruma asubuhi hadi jioni, watu wanaongea kwa kupiga kelele, hata sala tunapiga kelele. Jumapili ile Mwigulu alikwenda akalizima. Mwenye karasha akauliza nani kafa. Mwigulu akamwambia, "Hajafa mtu, tunamsikiliza mtoto wa Benedict." Na mwenye karasha akaja akakaa chini.

Uliposema kijiko hakianguki, mzee mmoja aliyechimba toka ujana wake alichukua kijiko akakiachia. Kikaanguka. Akakiokota akakiachia tena. Hakuna aliyecheka. Na ulipofika kwenye ile sala hakucheka mtu pia. Nilisikia maharage yakichemka.

Umesema huwezi kuongea mbele ya watu. Mwanangu, umeshaongea.

Karatasi zako hizi hapa, kama ulivyotaka. Zimechafuka kwa vidole. Kabla ya kubandua tuliongeza vyumba vya umeme tukamaliza mchezo, kwa namna tunayoijua. Jioni msimamizi husimama mdomoni mwa duara na kuhesabu. Walioshuka wangapi, waliopanda wangapi. Namba zikilingana, siku imeisha. Zisipolingana, haijaisha, hata kama mmepata mawe ya dhahabu tupu. Basi tulihesabu watu wako na wetu. Wote wana hewa, wote wana umeme, wote wana pa kulala, na kila mmoja ana mlango wa pili wa kutokea. Waliingia sita. Wapo sita. Tukapiga makofi.

Na lile swali la kukimbilia wapi, nimelijibu mwenyewe nikiwa chini. Pale ninapofanyia kazi, mita sitini, mdomo wa duara unaonekana mdogo kama nyota. Huwa nadhani nakimbilia juu. Sivyo. Nakimbilia kwa yule anayesimama pale na kuhesabu.

Baba yako

*

Kambarage
Jumapili, 23 Februari 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mama Blessing, shikamoo. Kaka Mwigulu, kaka Masudi, na ninyi wengine ambao siwajui majina, shikamooni nyote. Mama Blessing, barua hii isome kwa sauti. Zimeni karasha.

Sikumwambia Sista atafute mwingine. Nilienda mara tatu kumwambia, na mara tatu nikakuta ana sindano mkononi.

Jana saa nne asubuhi wazazi walikuja. Ilikuwa tuchezee kwenye meza ya katikati ya wodi, na hapo ndipo mambo yalipoharibika kabla hayajaanza. Kuna mtoto anaitwa Wema, ana miaka tisa. Aligongwa na pikipiki Kahama, mguu wake umevutwa juu kwa kamba na mawe ya uzito, analala chali wiki ya sita. Wenzake wawili nao hawawezi kuinuka. Meza waliiona miguu yake tu. Wema akasema, "Dada, mimi nacheza nini? Dari?"

Mama yake akamwambia anyamaze. Mimi nilikuwa nimesimama na boksi, sauti imeshakatika hata sijaanza. Nilisema "Ee."

Nikasikia kimya kinakuja, kile cha mahafali. Nikaangalia chini, na ndani ya boksi zilikuwepo karatasi zenu za saruji zenye matundu ya miiba na vidole vyeusi. Nikafikiri kuhusu watu arobaini na mmoja na karasha lililozimwa. Sikuongea, Baba. Nilizitoa zile karatasi nikazipandisha ukutani mbele ya kitanda cha Wema, moja chini ya nyingine, kama mlivyofanya. Sista Hosiana alielewa kabla sijamwomba. Alileta plasta ya vidonda akaikata vipande vipande, na kila chumba tukakibandika kwa plasta. Kitovu kikawa juu kabisa. Kila aliyelala akakiona.

Wema akasema, "Lo! Kumbe inashuka."

Kisha nikatoa barua ile ya kwanza niliyokuandikia. Ulinirudishia pamoja na karatasi, ina tone la mchuzi wa Mama Blessing. Nikaisoma. Sikuwa natoa maelezo, nilikuwa nasoma barua kwa Baba yangu, na hao waliokuwepo walikuwa wanasikia tu. "Mnajenga nyumba angani, Baba. Juu kabisa, kupita ndege, pasipo na hewa wala sauti." Nilipofika hapo niliinua macho. Mama mmoja wa Ushirombo alikuwa ameweka mkono mdomoni. Baba yake Wema, ambaye tangu aje hajasema zaidi ya "ndiyo, daktari", aliuliza, "Na mwanangu akienda huko, huo mguu utamwuma?"

Nikamwambia kule mguu hauna uzito, hauhitaji kamba wala jiwe, unaelea. Nilimjibu bila karatasi. Sikujua kama nimejibu mpaka nilipomaliza.

Wema aliangalia mguu wake kwa muda mrefu sana. Wodi nzima tuliuangalia.

Tukacheza familia nne, watu kumi na wawili. Mvulana wa kitanda cha dirishani alitaka kujenga vyumba vya kulala tu, na babu yake akamwambia, "Watalala wakiwa maiti? Tanguliza hewa!" Sikumfundisha mimi, nawaapieni. Kimondo kilipokuja kilitoboa chumba cha Wema, na mama wa Ushirombo, ambaye tayari alikuwa anaongoza, alitumia kipande chake cha mwisho kumfungulia njia. Mume wake akasema, "Wewe, tulikuwa tunashinda!" Akamjibu, "Nyamaza, kuna mtoto humo."

Mwishoni wakaniuliza nani ameshinda. Nikawaeleza habari za msimamizi mdomoni mwa duara. Tukahesabu pamoja, kwa sauti, hata wanaouguza watoto ambao hawakucheza. Walioingia kumi na wawili. Waliopo kumi na wawili. Baba yake Wema alihesabu mara ya pili peke yake, akigusa kila punje kwa kidole.

 Sista Hosiana alichukua barua yangu ya kwanza akaibandika kwa plasta chini ya ubao, pale ambapo ukurasa wa mwisho ulipaswa kuwa. Kisha akasema, "Jumatatu njoo saa mbili. Si kwa mashuka."

Baba, sikulilii urudi, kwa sababu hukutaka nikulilie. Lakini hapa Kolandoto kuna kitengo cha macho, nimeuliza. Kinafunguliwa Jumatano. Ukija tutakwenda wote, nami nitaongea kwa niaba yetu.

Na kwenu nyote nina ombi moja. Kila Jumapili, kabla ya salamu, niandikieni namba mbili: walioshuka wiki hiyo na waliopanda. Nitazisoma wodini. Wema ameshauliza watu wa ukutani wanaendeleaje, nikamwambia wapo kweli, na wanaishi Bukombe.

Mwanenu,
Salvina

*

Kwa Mama Blessing, mgodini
Jumapili, 2 Machi 2025

Mwanetu Salvina,

Arobaini na mmoja.

Arobaini na mmoja.

Mmoja wao anakuja kwa basi la Jumanne, nyuma ya barua hii. Ana kofia ya buluu na haoni vizuri vibao vya barabarani, kwa hiyo simama mahali atakapokuona. Umuite kwa sauti.

(Mimi Mama Blessing nimeandika, wote wamesema. Karasha limezimwa.)